Kishikio cha Ndani

Jumatatu, 5 Mei

Taa za ukumbini zimekubali kusasishwa. Za vyumbani bado. Nimefuata mpango kama fundi Ochieng alivyonieleza: kwanza boksi la kati linaloviunganisha vifaa vyote, kisha taa, kisha kamera, kisha kihisi cha gesi. Kufuli ya mlango iwe ya mwisho. Ukitangulia kufuli, boksi halitaielewa na mlango hautajua umsikilize nani.

Ochieng hajawahi kuingia humu. Bi Zuhura anakaa eda tangu mumewe afariki mwezi wa kwanza, na mwanamume wa kando haingii kwa mjane aliye edani. Kwa hiyo Ochieng anaketi chini getini na Musyoka, soja wa jengo, wanakunywa chai, na mimi niko ghorofa ya sita na simu mbili mkononi. Moja yangu, ya kuongea naye. Nyingine ya nyumba, aliyoniachia Bwana Fahmi, ya kuendeshea vifaa.

"Umeona kijani?"

"Naona nyekundu."

"Usiguse. Bado inajifikiria."

Utadhani tunamzungumzia mgonjwa.

Fahmi ndiye mwana pekee wa Bi Zuhura. Yuko Doha. Vifaa hivi alivinunua safari kwa safari, kila akija na kipya, na hakuna viwili vya kampuni moja. Vyote vimekaa bila kusasishwa tangu mwaka jana na sasa kila kampuni inatuma onyo lake. Kila moja na programu yake ya simu na namba yake ya siri. Nimeajiriwa kupika, kufua na kumwangalia mama. Nimeishia hapa kwa sababu nimesoma hadi kidato cha nne na mimi ni mwanamke.

Jumanne, 6 Mei

Kamera ya sebuleni. Imesasishika mara ya pili, ikajiwasha, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba iko tayari. Bi Zuhura alikuwa kichwa wazi, anapaka mafuta ya nazi. Akauliza nani anatazama. Nikamwambia ni Bwana Fahmi peke yake.

"Na nyuma ya Fahmi pana wanaume wangapi hapo ofisini?"

Akachukua leso akaifunika kamera. Ana haki. Nilimwandikia Fahmi kwamba kamera imekamilika. Leso sikuitaja. Jioni akaiona mwenyewe, akaniuliza mbona kila kitu ni cheusi. Nikamwambia amuulize mama yake. Hakumuuliza.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya. Taa ya chumba cha Bi Zuhura imekataa kuzima tangu jana jioni. Nimebonyeza kwenye simu, nimebonyeza ukutani, nimezima stima ya nyumba nzima na kuirudisha. Inarudi ikiwa inawaka zaidi. Amelala na mtandio usoni.

Nilipiga kwa kampuni ya taa. Wakasema kosa ni la boksi. Nikapiga kwa kampuni ya boksi. Wakasema kosa ni la taa, wasubiriwe wenye taa watoe sasisho jingine. Ochieng alicheka hadi akakohoa. "Hao ni kama wake wenza, madam. Kila mmoja anasema mwenziwe ndiye ametia chumvi mara mbili."

Kisha spika. Magharibi, Bi Zuhura akiwa amesujudu, ikaanza kueleza kwa sauti ya binti mwenye adabu kwamba kuna vifaa vitatu vinavyongoja. Alimaliza sala yake bila haraka, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akaigeukia.

"Umemaliza? Huna mama nyumbani kwenu aliyekufunza?"

Nilicheka. Naye akacheka. Halafu nikapanda kiti, nikashika globu kwa taulo nikaifungua. Giza zuri.

"Hilo ndilo lilikuwa la kufanya tangu asubuhi," akasema.

Jumapili, 11 Mei

Kabiria, kwa dada yangu Rose. Nililala usingizi wa mawe. Kanisani nilisinzia pia. Rose anataka kujua kazi yangu imekuwa gani siku hizi.

"Unafanya mambo ya kompyuta?"

"Nafanya mambo ya kubonyeza."

Mchana tukiwa mezani ujumbe wa Fahmi: kihisi cha gesi hakijibu. Nikamwandikia nitaangalia nikirudi kesho. Akajibu tafadhali iwe leo, mama yuko peke yake na jiko. Nimerudi kabla ya giza. Kihisi kilikuwa kimeishiwa betri tu. Nilishuka hadi maduka ya Adams Arcade kuzinunua, nikapanda na hasira zote hadi juu.

Nina siku moja kwa wiki. Leo sikuwa nayo.

Jumatano, 14 Mei

Bi Zuhura amenitolea buibui lake jipya sandukuni, nilianike lipate hewa.

"Eda yangu yaisha Alhamisi ijayo, jua likitua. Ijumaa nakwenda kwangu."

Kwake ni mjini, orofa iliyo juu ya duka ambalo marehemu aliuza vitambaa maisha yake yote. Amekaa huko tangu aletwe bibi arusi kutoka Mombasa. Humu Kilimani ni kwa Fahmi. Aliletwa siku chache baada ya mazishi, na hajawahi kuusamehe uamuzi huo.

Niandike yote, ili nisijidanganye. Wiki ile ya msiba aliweka maharagwe motoni akaenda kulala. Moshi ulijaa ngazi. Majirani walivunja mlango kwa chuma. Fahmi alikuwa bado Nairobi, alimkuta mama yake ameketishwa barabarani na blanketi. Eda hukaliwa katika nyumba ya mume, hilo ndilo neno la Bi Zuhura hadi leo. Fahmi alimwendea sheikh, naye akasema pakiwa na hofu ya madhara mjane anaweza kuhamishwa. Akahama. Ameketi miezi minne bila kukanyaga hata varanda ya lifti. Hajitii manukato, havai bangili. Halalamiki juu ya hayo. Hayo, anasema, ni kati yake na Mungu na mumewe.

Kusahau kwake si uongo. Mimi mwenyewe nimeliona jiko limewashwa bila sufuria. Mara mbili.

Ila pia ndiye aliyenikumbusha juzi kwamba siku ya kuzaliwa ya binti wa Rose imepita na sijampigia.

Ijumaa, 16 Mei

Fahmi alipiga, akaongea nami kwa muda mrefu. Ameambiwa sasisho la kufuli limefika, na Ochieng amethibitisha kwamba boksi liko tayari kulipokea. Anataka liingie kabla ya Alhamisi.

Nikamwuliza mbona kabla ya Alhamisi.

"Dada Everlyne, mimi huku nikiona namba ya Nairobi kwenye simu, moyo unaruka kabla sijapokea. Nataka nijue mlango umefungwa. Hilo tu."

Si mtu mbaya. Alilia alipotaja babake. Mwishoni akasema nisimwambie mama, presha yake itapanda. Nilisema sawa. Nilisema upesi mno.

Baadaye Bi Zuhura aliuliza Fahmi alitaka nini. Mambo ya vifaa, nikasema. Akatikisa kichwa akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeliweka sasisho la kufuli.

Mimi husoma kila kitu kinachoandikwa kwenye simu kabla ya kukubali. Ni tabia yangu, Ochieng hunicheka kwayo. Leo pia nilisoma. Nusu ya ukurasa ni maneno ya kisheria. Halafu mstari mmoja: katika hali ya ulinzi, kishikio cha ndani hakitafungua mlango hadi mwenye akaunti aridhie. Mwenye akaunti ni Fahmi, si simu hii ya nyumba. Chini, vitufe viwili. Kubali. Baadaye.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Bi Zuhura alikuwa amelala. Ochieng chini akachoka kungoja.

"Madam, mbona kimya? Kubali tumalize, mvua inakuja."

Nikakubali.

Kufuli ilinguruma kidogo, ikazima, ikawaka kijani mara ya kwanza. Vifaa vingine vyote vimenisumbua wiki mbili. Hiki kimoja kiliingia bila kosa.

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Hongera! Sasa nyumba nzima inasikilizana."

Akaenda zake. Sijui kama anajua inafanya nini. Sikumwuliza.

Nimejaribu kishikio. Kinashuka, kinapanda, hakishiki chochote.

Jumanne, 20 Mei

Maziwa yaliisha. Nilimwandikia Fahmi anifungulie. Hakujibu. Nikangoja na mkoba begani kama mtoto wa shule. Alikuwa mkutanoni. Tulikunywa chai ya rangi.

"Maziwa yako wapi?"

"Duka limefungwa, Bi."

"Duka la Kilimani lifungwe asubuhi?"

Alinitazama. Nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Yeye hajagusa mlango tangu Januari. Yuko ndani kwa kupenda kwake na anafikiri mlango ni mlango. Ni mimi tu ninayejua. Nimefungiwa humu pamoja naye, na ninamficha kwamba tumefungiwa.

Fahmi aliniambia kuna ufunguo wa dharura kwa soja. Nilimpigia Musyoka.

"Ufunguo gani, madam? Hiyo mlango yenu haina hata tundu ya kuweka ufunguo!"

Akacheka kwa roho safi. Nilienda kuangalia. Ni kweli, haina.

Jumatano, 21 Mei

Mvua kubwa. Stima ikapotea adhuhuri. Kufuli ina betri zake, lakini boksi halina. Boksi likizima, Fahmi haioni nyumba. Nimempigia akajaribu kutoka kwake. Hakuna. Ochieng hapokei.

Kwa muda wote huo hapakuwa na mtu yeyote duniani anayeweza kuufungua mlango huu.

Nilifunga mtungi wa gesi. Nikatoa plagi zote ukutani ijapokuwa hakuna stima. Nikafungua madirisha mvua ikaingia. Dirishani pana vyuma. Chini kabisa niliona mwavuli wa Musyoka, mdogo kama kifuniko cha chupa. Nilitaka kupiga kelele nikakumbuka Bi Zuhura yuko chumba cha pili na tasbihi yake.

Stima ilirudi. Spika ikatusalimia.

Ninaogopa. Nilimwambia Fahmi hivyo, kwa maneno hayo. Akasema ataninunulia betri ya akiba ya boksi. Nilimwambia sisemi juu ya betri. Akasema anajua.

Alhamisi, 22 Mei

Jua limetua. Bi Zuhura ametoka eda.

Ameoga kwa muda mrefu akiimba kitu cha kwao. Amevaa gauni la maua. Ametia wanja, na jicho moja limezidi lingine. Dada zake wamempigia kutoka Mombasa, wote kwa pamoja, kelele tupu. Wakamwambia angekuwa huko nyumba ingejaa hadi barazani. Akawaambia huku Nairobi amejaa Evalini mmoja na anatosha.

Nilipiga pasi buibui. Yeye akapanga mkoba: msahafu, picha ya mume, kanga mbili. Nguo nyingine nitamletea kidogo kidogo, akasema. Kesho baada ya chai.

Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia. Nilifungua mdomo jikoni, nikafungua mdomo kwenye ubao wa pasi. Mimi ni mwoga. Ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Alikunywa chai. Akavaa. Akachukua mkoba wake, akaenda mlangoni, akashusha kishikio.

Alidhani ni nguvu zimemwishia. Akaweka mkoba chini akajaribu kwa mikono miwili. Halafu kwa bega.

"Evalini. Mlango una nini?"

Nikamwambia. Yote, tangu Ijumaa iliyopita, pamoja na mstari niliousoma na kitufe nilichobonyeza. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele.

Akaenda sebuleni, akaivuta leso kutoka kwenye kamera.

"Fahmi."

Akaita tena. Sauti ya Fahmi ikatoka ukutani, imechoka.

"Mama. Niko kazini."

"Nami niko mlangoni. Eda ya baba yako nimeiketi kwa ajili ya Mungu, na mwisho wake niliujua tangu siku ya kwanza. Hii yako naiketi kwa ajili ya nani? Na mwisho wake lini?"

"Nakuja mwezi wa saba, tutakaa tuongee."

"Mwezi wa saba!"

"Mama, uliacha moto. Walikutoa kwenye moshi. Nimeshampoteza Baba."

"Na mimi je? Wajiona ni wewe pekee uliyempoteza?"

Taa ya kamera iliendelea kuwaka, kwa hiyo alikuwepo. Bi Zuhura alisimama pale mbele yake na wanja wake usiolingana, akimtazama pale alipodhani yako macho yake. Alikosea kidogo. Alikuwa anaitazama spika.

Kisha akavuta kiti cha meza ya kulia, akakiweka mbele ya mlango, akaketi na buibui lake na mkoba magotini. Adhuhuri ikapita. Alasiri akainuka kusali, akarudi kitini. Nilimpelekea wali, haukuguswa. Nilikaa sakafuni karibu naye kwa kuwa sikujua pengine pa kukaa.

Giza lilipoingia akavua buibui mwenyewe, akalikunja vizuri na kwenda kulala.

Jumamosi, 24 Mei

Jumamosi huenda Kabiria kulala, ili Jumapili niwe huru. Bi Zuhura hajala. Amekunywa maji. Nilimwuliza kama nibaki. Akasema, "Wewe una kwenu. Nenda."

Ujumbe wa Fahmi: mlango utafunguka ukiwa tayari, toka na uuvute nyuma yako. Nikaandika niko tayari.

Mlio mdogo. Kishikio kikashika.

Nikafungua. Varandani mtu alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikaniingia hadi tumboni. Lifti palepale. Rose ananingoja, binti yake ananingoja. Nilikuwa nimeshatoka mguu mmoja. Nilitaka kwenda, nisijifanye sikutaka. Ningeuvuta mlango ukajifunga na lisingekuwa kosa langu, lingekuwa kosa la mwenye akaunti.

Nilirudi jikoni, nikachukua mtungi wa gesi wa akiba, mtupu, nikauburuta hadi mlangoni nikauweka katikati.

Kufuli ikaanza kulia. Imetengenezwa hivyo, mlango ukiachwa wazi inalia. Bi Zuhura akatoka chumbani na mkono sikioni.

"Ni nini hicho?"

"Ni mlango, Bi. Uko wazi. Mtungi umeushika."

Alitazama mtungi. Akatazama varanda. Nilidhani atakimbia. Wapi! Aliingia kuoga. Kufuli inalia, simu ya nyumba inalia, simu yangu inalia, na yeye anaoga. Kisha akatafuta udi wake, akaniomba kiberiti, akafukiza nguo moja moja. Jirani wa mkabala alichungulia, mama mnene mwenye mwiko mkononi. Ndiye wa vitunguu.

"Kuna moto hapo?"

"Hakuna, mama. Tunatoka."

"Sasa hiyo kelele yote ni ya kutoka?"

"Ndiyo."

"Haya, tokeni basi, mtoto wangu analala!"

Mara ya nane au ya tisa nikapokea simu ya Fahmi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo.

"Everlyne, ukimtoa hapo, kitakachompata kiko juu yako."

"Najua, Bwana Fahmi."

"Hujui. Mimi ndiye niliyemwona na lile blanketi."

Ni kweli sikumwona. Kufuli ililia, yeye aliisikia huko na mimi niliisikia huku. Nilidhani amekata.

"Dawa zake za presha ziko droo ya kushoto," akasema. "Kile kidonge kidogo ni cha asubuhi. Ataapa ameshakunywa. Usimwamini."

"Ninazichukua sasa hivi."

"Sawa."

Bi Zuhura aliruka mtungi kwa kuinua buibui kidogo, kama mtu anayevuka dimbwi. Nikauvuta mtungi ndani. Simu ya nyumba nimeiacha juu ya meza. Mlango ukajifunga nyuma yetu na kelele ikaisha.

Getini Musyoka alisimama wima akavua kofia.

"Mama! Kumbe kweli uko! Miezi yote hii nimekuwa nikiona tu soseji na maziwa yakipanda, nikadhani huyu Everlyne anajilisha peke yake."

"Soseji?" Bi Zuhura akanigeukia.

"Anatania, Bi."

"Sitanii," akasema Musyoka.

Katika teksi aliteremsha kioo chote. Dereva akamwambia ataloa, mawingu yameshuka. Akamwambia aendeshe gari.

Rose nimemwandikia siji. Sijamweleza.

Jumanne, 3 Juni

Mvua asubuhi, sasa jua.

Nyumba ya mjini ina vyumba viwili na ngazi ndefu ya saruji. Mlango bado una bati pale walipouvunja. Mtungi naufunga mwenyewe kila tukimaliza kupika. Jana aliacha birika hadi maji yakakauka. Nilinusa nikazima. Sijui kama aliona. Hatukuzungumza juu yake, na usingizi ulichelewa kunijia.

Fahmi humpigia mama yake sasa kwa simu ya mama yake. Jana waliongea kwa muda mrefu, na kuna mahali Bi alicheka. Mimi hajaniulizia. Sijui kama bado nina kazi kwake au ninayo kwa Bi Zuhura. Nilipomwuliza Bi mwenyewe, alisema niache maswali nimletee uzi.

Leo ametoka baada ya adhuhuri. Idd inakaribia, amesema anakwenda kutazama vitambaa. Hakusema duka gani. Hakusema atarudi lini. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja ili nimfuate. Nikakivua.

Nimeosha mchele. Nimeanua kanga zilizokauka dirishani. Nimefuta meza. Watu wanapanda na kushuka ngazi, wapangaji, wabeba mizigo, na kila mara mikono yangu inasimama. Wengi wanapita hadi juu.

Kuna mmoja anayepanda sasa, polepole, anapumzika kila baada ya hatua chache. Nimepunguza moto chini ya sufuria nisikie vizuri.